Shajara ya mradi: saiti ya kina mama wa mwani, kutoka laptopu yangu mpaka hewani

Jumatatu, bamvua

Naanza kuandika leo mana nikisubiri imalize ntasahau nusu yake. Saiti ni ya kikundi cha shangazi yangu huko Jambiani, Unguja, wanalima mwani, wanauza mkavu kwa kilo na wanatengeneza sabuni, mafuta na unga wa mwani. Saiti ya zamani ni ukurasa mmoja tu ambao hata simu za wateja hazijaandikwa sawa, na hostingi yake, yani pale inapokaa mtandaoni, inakwisha mwisho wa mwezi huu. Mpya nimeijenga kwa WordPress, programu ya kutengenezea saiti, kwenye laptopu yangu, kurasa 9, bidhaa 14, iko ndani ya mashine hii tu kwa jina la mwani.test, hakuna mtu mwengine aloiona zaidi yangu.

Nlitaka leo niende niwaonyeshe. Nimempigia shangazi, shikamoo, marahaba mwanangu, akanambia wiki hii usije, bamvua hili, maji yanakauka saa nne asubuhi sote tuko chini kufunga mwani, tukirudi tumechoka hatuwezi kukodolea simu. Njoo maji mafu, yasiyokauka sana. Bas ratiba ya mradi imeshapangwa na bahari, nina siku kama saba za kuweka seva sawa peke yangu kabla hawajakaa kunisikiliza.

Jumanne

Nimenunua seva ndogo, yani kompyuta ya mtandaoni itakayobeba saiti, RAM 1 GB, diski 25 GB, Ubuntu. Kina mama wamechanga pesa ya mwaka mzima na mie sitaki wachange mara ya pili kwa hivo sikuchukua kubwa. Nimefanya ya mwanzo yote, nimefungua mtumiaji wangu, nimezuia kuingia kwa root, yani mtumiaji mkuu, naingia kwa ufunguo sio paswedi, faiawoli imeachiwa milango mitatu tu, 22 wa kuingilia mie, 80 na 443 ya saiti. Nikaweka Apache inayotoa kurasa, PHP inayoendesha WordPress, na MariaDB inayotunza databezi, yani makala na mipangilio yote ya saiti. Nikaongeza swopu ya 1 GB, sehemu ya diski ya kusaidia RAM, mana bila hivo databezi inaweza kuuliwa na mfumo RAM ikijaa, na hiyo ukiwa umelala huijui mpaka mtu akupigie.

Chengine cha leo hakuna, umeme ulikatika saa kumi. Ila nimejifunza kufanya kazi ndani ya tmux, yani ukikatikiwa na umeme au bando kule kwenye seva kazi inaendelea, unarudi unaikuta ilipofika.

Jumatano

Siku ya databezi. Hii naiandika kwa urefu mana ndo iliyonila muda.

Nimetoa databezi yote kwa mysqldump, faili la sql la 38 MB, nikalibana kwa gzip likawa 6, nikalipeleka kwa scp. Kuliingiza tu likakataa mwanzoni kabisa, linasema halijui utf8mb4_0900_ai_ci. Nikakaa nalitazama. Kumbe laptopu yangu ina MySQL 8 na seva ina MariaDB, na hiyo ni namna ya MySQL 8 ya kupanga herufi, MariaDB niliyoweka haina. Dawa yake nimebadilisha hilo jina kila lilipo ndani ya faili kuwa utf8mb4_unicode_520_ci nikaingiza tena, ikaingia bila neno.

Bas nikaona kubadilisha maneno ndani ya faili ni rahisi namna hii, mbona nisibadilishe na anwani humo humo? Nikafungua faili, tafuta http://mwani.test weka anwani mpya, badilisha zote, ingiza. Nikafungua ukurasa wa mwanzo, picha kubwa za juu hazipo, menyu ya chini haipo, mipangilio ya themu, yani sura ya saiti, imerudi kama siku niloiweka. Lakini makala zote zipo na bidhaa zote zipo. Nlihisi nimeharibu kazi ya miezi miwili.

Sababu yake ni hii, na aloko njiani kuhamisha WordPress aisome vizuri. Mipangilio mingi ya themu na plagini, vile vijiprogramu vya kuongezea, haiwekwi kwenye databezi kama maandishi matupu, inawekwa pamoja na idadi ya herufi zake. Anwani yangu ya zamani imeandikwa s:17 halafu ndo http://mwani.test, yani PHP inaambiwa soma herufi 17. Hesabu mwenyewe utaona ni 17 kweli. Mie nikaweka anwani mpya ya herufi 23 na ile 17 nikaiacha vile vile. PHP ikifika hapo inaona hesabu hailingani, inatupa kifurushi kizima, sio hiyo anwani peke yake. Ndo mana mipangilio yote ikapotea na makala zikabaki, mana makala ni maandishi ya kawaida hayahesabiwi.

Nikaifuta databezi ile, nikaingiza upya faili ambalo halijaguswa anwani, nikatumia wp search-replace, amri ya zana ya WordPress inayoitwa WP-CLI, hiyo inafungua kifurushi, inabadilisha, inahesabu upya, inafunga. Kwanza kwa --dry-run ambayo haibadilishi kitu inakuonyesha tu, ikasema sehemu 412, ndo nikaiendesha kweli, na safu ya guid, ambayo ni utambulisho wa kudumu wa kila makala, nikaiambia isiiguse. Picha za juu zikarudi. Saa saba usiku hiyo, mie peke yangu sebuleni nasema alhamdulillahi kwa sauti.

Alkhamisi

Ukurasa wa mwanzo unafunguka, kurasa nyengine zote 404, yani hazipatikani. Nkajua .htaccess, faili la maelekezo kwa Apache, mana ni faili linaloanza na nukta, halionekani, watu wengi wanalisahau wakinakili. Nikatazama, lipo! Nikalinganisha na la kwenye laptopu, sawa sawa. Nikapoteza saa moja na nusu hapo. Kumbe Apache ya Ubuntu ikija inakuwa imeandikiwa AllowOverride None kwa folda ya /var/www, maana yake hata ukiweka .htaccess elfu moja haisomi hata moja. Nikaandika AllowOverride All kwa folda ya saiti yetu, nikawasha mod_rewrite, kile kipande cha Apache kinachosoma anwani za kurasa, nikaizima na kuiwasha Apache, kurasa zote 9 zikaja.

Halafu picha 11 hazionekani. Hizi ni zile nilizoziandika kwa mkono ndani ya themu. Kwenye Windows Sabuni.JPG na sabuni.jpg ni kitu kimoja, kwenye Linux ni mafaili mawili tofauti kabisa. Nimezibadilisha zote kwa herufi ndogo, na kuanzia leo jina la faili kwangu ni herufi ndogo tu na hakuna nafasi katikati.

Ruhusa za mafaili, yani nani asome na nani aandike, nimezipanga, folda 755, mafaili 644, wp-config.php lenye paswedi ya databezi 640. Nlikuwa nimeweka 777 mchana ili plagini ziingie, nimeiondoa, hiyo ni kumwachia mlango wazi kila mtu.

Ijumaa

Swala, biriani, usingizi. Usiku nimeiona saiti kwa jina lake halisi kabla ya kuhamisha domeini, unaandika IP ya seva na jina la domeini kwenye faili la hosts la kompyuta yako, bas kompyuta hiyo peke yake inaamini saiti imeshahama na dunia nzima bado inaona ya zamani. Iko vizuri. Iko haraka. Nimelala nikidhani kazi imebaki ya saa moja.

Jumapili, maji yanapungua nguvu

Nimeweka anwani ya majaribio, yani neno jaribio mbele ya domeini, na paswedi juu yake ili Google isiingie wala mteja asipotee humo, mana kwenye simu za kina mama siwezi kuhariri hosts. Nimemtumia shangazi linki kwa WhatsApp. Dakika tano kimya. Halafu sauti yake: "Mwanangu inazunguka tu. Inazunguka, inazunguka, sijaona kitu."

Nikampigia nikamuuliza uko wapi, akanambia nipo ukumbini kwa bi mwenyekiti, mtandao ni vijistari viwili. Na simu yake naijua, Android ndogo ya miaka mingi. Nikapima uzito wa ukurasa wa mwanzo. 11.4 MB! Picha nilizopiga kwa simu yangu nimezipakia kama zilivyo, na hizi za themu WordPress haizipunguzi mana sikuzipitishia kwake. Miezi miwili naitazama saiti hii kwenye laptopu ambako picha zinatoka kwenye diski yake yenyewe, itachelewa vipi? Mama anaenunua bando la siku anafungua ukurasa mmoja tu wa kikundi chake na MB 11 zinamtoka. Hili limenikera nafsi yangu kuliko ile databezi, mana databezi ilinitesa mie tu.

Nimekaa mpaka alfajiri. Picha zote upana usizidi 1200, nikazigeuza WebP, aina nyepesi ya picha, zile za chini zisishuke mpaka mtu afike hapo, fonti mbili za mapambo nimezitoa, plagini ya picha zinazoteleza nimeitoa kabisa nikaweka picha moja imetulia. Ukurasa sasa una KB 740.

Jumatatu, maji mafu

Nimekwenda Jambiani kwa daladala. Tumekaa kina mama tisa na simu saba, mkekani, na chai ya tangawizi. Nimewaambia msinisaidie mie, fungueni kama mteja anaetaka sabuni. Nikanyamaza nikaandika tu.

Imefunguka kwenye simu zote saba, ya shangazi ilikuwa ya mwisho lakini imefunguka.

Menyu nlikuwa nimeandika "Bidhaa". Watano kati ya tisa hawakugusa hapo. Bi mwenyekiti akasema mteja hatafuti bidhaa, anatafuta sabuni. Nimeondoa neno hilo, sasa menyu inasema Sabuni, Mafuta, Unga, Mwani mkavu. Fomu ya kuagiza yenye vyumba vinane vya kujaza hakuna alomaliza, wote wakauliza namba ya WhatsApp iko wapi. Nimeweka kitufe cha kijani chini ya kila kitu kinachouzwa, ukikigusa ujumbe unakuja umeshaandikwa jina la kitu. Fomu nimeiacha kwa wanunuzi wa jumla tu, nayo nimeipunguza ibaki vyumba vitatu.

Halafu lile ambalo seva yoyote isingenambia. Shangazi kafungua ukurasa wa mwani mkavu, akakaa kimya, akampa simu jirani yake, jirani nae akampa mwengine. Nikauliza kuna nini. "Hii uloandika cottonii, hii spinosum." Picha ya spinosum, mie nimeiandika cottonii na bei ya cottonii. Kwangu mie mwani ni mwani. Kwao wao ni vitu viwili, cottonii ina bei zaidi na ndo ngumu kulimwa, maji yakipata joto inapata ugonjwa inakatika katika inakufa, na spinosum ndo inayovumilia, kwa hivo ndo wanayoivuna kwa wingi. Mnunuzi wa kiwandani angeiona picha ile angesema kikundi hiki kinadanganya, na hawa ni watu ambao upande huu wa kisiwa wamelima mwani wa kuuza tokea 1989, wengine walianza wakiwa wasichana. Nimeisahihisha hapo hapo mbele yao, jina na bei, na ya cottonii nimeiondoa mpaka tupate picha yake.

Jumanne usiku, kuhama

Jana nlishusha TTL, yani muda wa kukumbukwa, ya rekodi A, ile inayosema domeini iko seva ipi, kutoka sekunde 14400 mpaka 300, ili mabadiliko yasichukue saa nne kuonekana. Lakini kuna kubwa zaidi, DNS yenyewe, yani daftari la rekodi hizo, inakaa kwenye hosti ya zamani na hosti hiyo inakwisha, kwa hivo inabidi nihamishe na neimseva pia, yani seva zinazotunza daftari hilo. Baada ya isha nimefungua zoni mpya, yani ukurasa mpya wa rekodi za domeini yetu, nimeandika rekodi A, nimeandika na ya www, nimebadilisha neimseva kule domeini iliposajiliwa. Bakapu ya saiti ya zamani nimechukua kwanza, ukurasa mmoja lakini ni wao.

Halafu cheti cha kufuli, kile kinachoifanya anwani ianze na https. Nimetumia Let's Encrypt, cha bure, kinadumu siku 90 na kinajiongeza chenyewe. Certbot, programu ya kukiombea, ikakataa, mana wao wanakuja kuikagua domeini yako kwa mlango wa 80 na bado walikuwa wanaiona seva ya zamani. Nikarudia. Nikarudia tena. Mara ya tano wakanifungia, kushindwa mara tano kwa saa kwa jina moja unasubiri. Haraka yangu hiyo. Nlitakiwa nitumie --dry-run mpaka ipite ndo niombe cha kweli. Nikanywa maji, nikasubiri, saa sita na robo nikajaribu dry-run ikapita, nikaomba cha kweli kikaja, kwa domeini na kwa www. Kufuli limekaa. Picha mbili za themu bado zilikuwa zinaitwa kwa http nikazisahihisha.

Iko hewani. Nimemtumia shangazi skrinishoti, kalala.

Jumatano jioni

Sio kila kitu kiko sawa na kosa ni langu.

Shangazi kanipigia saa kumi na moja, kuna duka la Dar lilikuwa litume oda ya sabuni 200 kwa barua pepe tokea asubuhi, wamemwandikia WhatsApp kuwa wanaona onyo barua imechelewa kufika. Moyo ulishtuka papo hapo mana nlijua kabla hajamaliza. Barua pepe ya kikundi iko kwa huduma nyengine kabisa, sio kwenye hosti, na kinachozielekeza barua huko ni rekodi za MX zilizokuwa kwenye zoni ya zamani. Mie kwenye zoni mpya nimeandika A na www, bas. MX sikuzinakili, na SPF, inayosema nani anaruhusiwa kutuma barua kwa jina letu, pia sikuinakili. Tokea usiku barua za kikundi hazijui ziende wapi, zinabisha hodi kwenye seva yetu ambayo haipokei barua.

Nimeziandika zote ndani ya dakika kumi, MX mbili, SPF, na DKIM, ile ya saini ya barua. Nikamwambia shangazi ukweli kama ulivyo, kuwa mie ndo nimesahau, na nikamwomba awaambie wa Dar wasirudie kutuma. Kitu kilichotuokoa ni kuwa seva ya barua ikikosa pa kufikisha haitupi mara moja, inaweka na kujaribu tena kwa siku kadhaa. Saa tatu na dakika ishirini usiku oda imeingia, na nyengine nne nyuma yake, moja ya mtu anauliza kama unga unaliwa.

Nikihama tena, kabla ya kugusa neimseva nanakili zoni nzima mstari kwa mstari kwenye karatasi, hata rekodi nisiyoijua kazi yake.

Ijumaa

Fomu ya wanunuzi wa jumla ilikuwa inaingia kwenye spam. Seva yetu ilikuwa inatuma yenyewe kwa jina la domeini wakati SPF inasema barua halali zinatoka kwa ile huduma tu, kwa hivo Gmail ina haki kuikataa. Nimeweka itume kwa SMTP, yani njia ya kutumia barua, ya huduma ile ile. Nimejaribu kwa anwani tatu tofauti, zote zimeingia mahala pake.

Pia nimekuta ile tiki ya kuziambia injini za kutafuta zisiisome saiti bado ipo, niliiweka wakati wa majaribio ikahama na databezi. Nimeitoa. Siku tatu Google ingepita ingekuta mlango umefungwa.

Jumapili

Bakapu kila usiku saa nane, databezi na folda ya picha, nakala saba za mwisho zinabaki na moja inakwenda nje ya seva hii. Na nimeirudisha nakala ya jana kwenye laptopu nikaona inafunguka kweli. Certbot renew kwa dry-run imepita. Anwani ya majaribio nimeifuta.

Paswedi za domeini, seva, barua na WordPress nimeziandika kwenye daftari la kikundi, lile lile la michango, linakaa kwa bi mwenyekiti ndani ya kabati. Domeini nimeihamisha kutoka jina langu kwenda la kikundi. Nikiumwa kesho au nikisafiri mali yao iwe mikononi mwao.

Jumatatu, bamvua

Tokea Alkhamisi maagizo sita kwa kitufe cha WhatsApp, manne sabuni ya karafuu. Shangazi kanitumia sauti asubuhi, upepo mwingi na maji yanasikika, anasema simu ya mteja imeingia akiwa yuko ndani ya mwani mpaka magotini, akafuta mkono kwenye kanga akapokea.

Kesho nakwenda nao chini saa nne maji yakikauka, na simu nimeshaiweka ipige picha ndogo. Mmoja wao ana kamba chache za cottonii zilizopona, upande wa maji marefu kidogo. Picha yake ndo inayokosekana kwenye ule ukurasa.